Kumteua Mnufaika wa Bima ya Maisha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtu hukata bima ya maisha kwa sababu kuna mwingine anayemwazia. Lakini akifika kwenye sehemu ya fomu inayouliza nani alipwe, huandika jina haraka haraka, hutia sahihi, na hati huingia kabatini ikakaa miaka ishirini. Siku ya madai kampuni haina namna ya kumuuliza marehemu alikusudia nini. Hufungua faili, ikasoma jina, ikalipa.

Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi kila mara, kutoka kwa wanaojaza fomu na kutoka kwa familia zinazokuja kudai. Sheria hazifanani katika kila nchi. Pale tofauti inapokuwa na uzito, nchi imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Mnufaika ni nani hasa?

Ni mtu au chombo kilichotajwa kwenye mkataba kwamba ndicho kitakacholipwa mkatiwa bima akifariki. Usimchanganye na wengine watatu: mwenye bima, ambaye ndiye aliyeingia mkataba na mwenye haki ya kuubadili, mkatiwa bima, ambaye kifo chake ndicho kinacholeta malipo, na mlipaji wa ada. Mara nyingi hao watatu ni mtu mmoja. Wasipokuwa mmoja, anayemteua mnufaika ni mwenye bima. Mke aliyemkatia mumewe bima ndiye mwenye kalamu, hata kama maisha yaliyokatiwa ni ya mume.

2. Anayetajwa kwenye fomu anapokea fedha kama mali yake, au anazipokea kwa niaba ya warithi?

Inategemea nchi, na wengi hugundua wakiwa wamechelewa. Katika nchi nyingi anayetajwa kuwa mnufaika huchukua fedha zikawa zake, na warithi wengine hawana dai juu yake. Kwingine anayetajwa ni mpokeaji tu: kampuni humkabidhi fedha ili faili ifungwe, kisha yeye anatakiwa kuwagawia warithi halali. India ilikuwa hivyo kwa miaka mingi, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2015 na kusema kwamba akitajwa mzazi, mwenzi wa ndoa au mtoto, basi fedha ni zake kweli.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "nimtaje nani", muulize wakala: "Nikimtaja, fedha zinakuwa zake au anazishika tu?" Omba jibu kwa maandishi.

3. Je, lazima niteue ndugu wa damu?

Hapana. Unapokata bima ya maisha yako mwenyewe, nchi nyingi zinakuruhusu kumtaja umtakaye: mchumba, rafiki, mlezi aliyekulea, shirika la hisani, mshirika wa biashara, hata amana (mpango wa kisheria ambamo wadhamini hushika mali kwa niaba ya wengine) uliyoiunda kwa ajili ya watoto.

Sheria inakuwa kali unapotaka kukata bima ya maisha ya mtu mwingine. Hapo lazima uonyeshe kwamba kifo chake kitakupa hasara ya kweli. Uingereza iliweka sharti hilo kwa sheria ya mwaka 1774, wakati ambapo watu walikuwa wakikata bima za maisha ya wasiowajua na kuzifanya kamari: fulani mgonjwa, tuone atafika mwezi ujao au hatafika. Nchi nyingi baadaye ziliweka masharti ya aina hiyo.

4. Nisipomtaja mtu yeyote, itakuwaje?

Kwa kawaida fedha huingia kwenye mirathi yako. Maana yake zinasubiri msimamizi wa mirathi ateuliwe, zinaweza kulipa madeni yako kwanza, kisha zinagawanywa kwa wosia au kwa sheria ya mirathi. Familia iliyohitaji fedha wiki ya kwanza inaweza kuzipata baada ya miezi mingi, au zaidi.

Mikataba mingine ina orodha yake ya akiba. Bima ya kundi ya watumishi wa serikali kuu ya Marekani, kwa mfano, hulipa kwanza mjane au mgane, kisha watoto, kisha wazazi, kisha msimamizi wa mirathi, na mwisho ndugu wa karibu. Kama bima yako umeipata kupitia mwajiri, tafuta orodha ya namna hiyo kwenye kijitabu cha masharti. Usikisie.

5. Wosia wangu unasema fedha za bima apewe mdogo wangu, lakini hati ya bima ina jina la mtu mwingine. Lipi litafuatwa?

Kwa kawaida ni jina la kwenye bima. Bima ni mkataba kati yako na kampuni, na fedha zikiwa na mnufaika aliyetajwa hazipiti kwenye mirathi kabisa. Wosia hauwezi kugawa kitu ambacho hakikuingia kwenye mirathi.

Kuna nchi ambako wosia unaweza kumteua au kumbadili mnufaika wa bima, kwa masharti maalumu. Hata huko ni njia hatari, maana kampuni inaweza kulipa jina la zamani kwa nia njema kabla wosia haujafunguliwa. Kama umebadili mawazo, jaza fomu ya kampuni. Ni ukurasa mmoja.

## Kuandika majina

6. Niandike jina vipi lisilete utata?

Andika majina yote kama yalivyo kwenye kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho, uhusiano wenu, na mawasiliano yake. Jina la utani, au jina la nyumbani ambalo halimo kwenye hati yoyote, huifanya kampuni isite, na kampuni ikisita inaomba viapo, barua na vyeti ambavyo mfiwa hana nguvu ya kuvitafuta.

Epuka "mke wangu" au "mume wangu" peke yake. Yupi? Wa siku ya kusaini au wa siku ya kifo? Andika jina, kisha uhusiano kama maelezo ya nyongeza.

"Watoto wangu" ni maneno mazuri yenye mtego. Je, mtoto wa kambo yumo? Aliyeasiliwa? Aliyezaliwa nje ya ndoa? Ambaye bado hajazaliwa? Ukiandika majina unamwacha nje atakayezaliwa kesho. Ukiandika "watoto wangu" unafungua mlango wa kubishana nani ni mtoto. Nchini Ufaransa mikataba mingi hutumia kifungu kinachosema kwa maana hii: mwenzi wangu wa ndoa; asipokuwepo, watoto wangu waliozaliwa na watakaozaliwa, walio hai au wanaowakilishwa na watoto wao; wasipokuwepo, warithi wangu. Ni kifungu kilichofikiriwa vizuri. Ningeongeza kitu kimoja tu: majina ya waliokwisha zaliwa, na maneno "pamoja na watakaozaliwa au kuasiliwa baadaye".

7. Mnufaika wa akiba ni nani, na ninamhitaji kweli?

Ni anayelipwa ikiwa mnufaika mkuu amekufa kabla yako, hapatikani au amekataa. Ndiyo, unamhitaji. Ukimtaja mtu mmoja tu na akatangulia, umerudi kwenye swali la 4 kana kwamba hukuteua mtu.

Wengi huacha nafasi hiyo wazi kwa sababu kuijaza kunamaanisha kuwaza kifo mara mbili, chako na cha unayempenda. Inaeleweka. Jaza hata hivyo.

8. Nigawe kwa kiasi au kwa asilimia?

Kwa asilimia, au kwa maneno "sawa kwa sawa". Fedha zitakazolipwa zinaweza kuwa nyingi kuliko ilivyoandikwa kwenye hati, kwa sababu ya bonasi, au pungufu, kwa sababu ulikopa kupitia bima hiyo hukumaliza kulipa. Ukiandika viwango maalumu, mmoja atapata chote na mwingine atabaki na makombo, bila wewe kukusudia. Hakikisha jumla ni 100. Kwa watoto watatu, 33 mara tatu ni 99, na asilimia moja isiyo na mwenyewe inatosha kuchelewesha faili.

9. Nimetaja watoto watatu. Mmoja akifa kabla yangu akiacha watoto wake, sehemu yake inakwenda wapi?

Kuna njia mbili, na mkataba usiposema ipi, kampuni itafuata masharti yake au sheria ya nchi.

Njia ya kwanza: waliobaki hai hugawana. Watoto wawili waliobaki wanapata nusu kwa nusu. Wajukuu waliofiwa na mzazi hawapati kitu. Njia ya pili: sehemu inashuka kwenye tawi. Kila mtoto aliye hai anabaki na theluthi yake, na theluthi ya aliyefariki inagawanywa kwa watoto wake. Wakiwa wawili, kila mmoja anapata sehemu moja ya sita.

Sijaona mzazi aliyeelezwa tofauti hii asiwe na msimamo mkali kuhusu ipi anaitaka. Shida ni kwamba fomu nyingi hazimuulizi. Kama fomu yako haina kisanduku cha kuchagua, andika sentensi kamili kwenye karatasi ya ziada, iambatanishwe, na udai kampuni ithibitishe kuwa imeipokea.

## Watoto, wanaotegemea, na familia zenye matawi

10. Watoto wangu bado wadogo. Niwataje moja kwa moja?

Unaweza, lakini fikiri kwanza. Kampuni ya bima haimkabidhi mtoto wa miaka saba hundi. Itasubiri mtu mzima mwenye mamlaka ya kisheria juu ya mali ya mtoto, na mara nyingi mamlaka hayo hutolewa na mahakama. Kuna maombi, kuna ada, kuna taarifa za mahesabu za kila mwaka. Mara nyingine anayepewa mamlaka ni yule ambaye usingemkabidhi hata funguo za nyumba, kwa sababu tu ndiye mzazi aliyebaki.

Kisha kuna siku ya pili ambayo wazazi huisahau: siku mtoto anapofikisha umri wa utu uzima, ambao katika nchi nyingi ni miaka 18. Siku hiyo fedha zote zilizobaki ni zake, na hakuna wa kumzuia. Wapo vijana wa miaka 18 wenye busara. Lakini kumpa kijana aliyefiwa fedha zote kwa siku moja ni kumtwisha mzigo.

Njia bora, kwa maoni yangu, ni amana. Unaandika hati inayotaja wadhamini, unaeleza fedha zitumike kwa nini (ada za shule, matibabu, makazi) na mtoto akabidhiwe lini, mfano theluthi akiwa na miaka 21, theluthi akiwa na 25, iliyobaki akiwa na 30. Kisha kwenye fomu ya bima unaitaja amana kuwa mnufaika, si mtoto. Baadhi ya kampuni zina fomu nyepesi ya kutaja mdhamini wa sehemu ya mtoto bila kuunda amana kamili. Ni pungufu ya amana, lakini ni bora kuliko kuacha wazi.

Anayeishi na watoto nyumba moja na anayeshika fedha zao si lazima awe mtu mmoja. Shangazi mwenye upendo anaweza kuwa dhaifu kwa mahesabu, na mjomba makini kwa mahesabu anaweza asiwe na subira na watoto. Wakitenganishwa, kila mmoja anamwangalia mwenzake.

11. Je, nimtaje dada yangu ili awalee watoto kwa hizo fedha?

Hili hufanywa sana, kwa nia njema, na ndilo ninalolionea huruma zaidi. Ukimtaja dada bila hati nyingine yoyote, katika nchi nyingi fedha ni za dada. Akiwa na deni, mdai wake anaweza kuzifuata. Akiachika, zinaweza kuingia kwenye mali za ndoa zinazogawanywa. Akifa, warithi wake ni watoto wake, si wako. Hayo yote yanaweza kutokea hata kama dada ni mwaminifu kabisa. Ukimwamini, mfanye mdhamini wa amana kama ilivyo kwenye swali la 10.

12. Mnufaika wangu ana ulemavu na anaishi kwa ruzuku ya serikali. Kuna hatari?

Ipo. Ruzuku nyingi hutolewa kwa kipimo cha mali, na malipo makubwa ya mara moja yanaweza kumtoa kwenye orodha. Marekani, kwa mfano, msaada wa serikali kuu kwa watu wenye ulemavu wasio na kipato una kikomo cha mali zinazohesabika cha dola 2,000 kwa mtu mmoja. Malipo ya bima yanavuka kiwango hicho kwa siku moja. Dawa yake ni amana maalumu kwa mtu mwenye mahitaji hayo, iliyoandikwa na mwanasheria anayejua kanuni za ruzuku husika. Hapa usijaribu mwenyewe kwa kunakili mfano.

13. Nina watoto wa mama tofauti. Nifanyeje wasigombane?

Taja kila mmoja kwa jina na asilimia. Usimtaje mzazi mmoja ukitumaini "atawagawia wengine". Hata akitaka, sheria huenda isimlazimishe. Kama kuna tawi ambalo wengine hawalijui, kumbuka kwamba siku ya madai majina yote yanaweza kuonekana kwa wote. Ni heri wasikie kutoka kwako ukiwa hai.

14. Mimi ni Muislamu. Uteuzi unaathirije mgawanyo wa mirathi?

Kwa mujibu wa faraidhi, yaani sheria ya Kiislamu ya mirathi, kila mrithi ana fungu lake, na wosia kwa ajili ya mrithi haupiti bila ridhaa ya warithi wengine. Ndiyo maana wanazuoni wengi huona anayetajwa kwenye fomu kuwa ni wasii: anapokea, anawagawia wenye haki. Katika takafuli, yaani mpango wa kusaidiana unaofuata misingi ya sharia, baadhi ya nchi zimeweka milango miwili. Sheria ya Malaysia ya mwaka 2013 inamruhusu mshiriki kuchagua kama anayemtaja ni wasii au ni mpokeaji wa hiba, yaani zawadi, yenye masharti. Akiwa ni wa hiba, fedha zinakuwa zake.

Soma fomu yako inasema lipi, na umuulize mwanazuoni unayemwamini kabla ya kusaini. Kwenye fomu tofauti hiyo ni neno moja, lakini kwa warithi ni kubwa.

## Ndoa, talaka na madeni

15. Tumeachana. Jina lake linajifuta lenyewe kwenye bima?

Usitegemee hivyo hata siku moja. Kesi tatu za Mahakama ya Juu ya Marekani zinaonyesha kwa nini.

Ya kwanza iliamuliwa mwaka 2001. Mwanamume alitalikiana mwaka 1994, akafa kwa ajali ya gari miezi michache baadaye, na jina la mkewe wa zamani lilikuwa bado kwenye bima ya kazini. Jimbo lake, Washington, lilikuwa na sheria inayofuta uteuzi baada ya talaka. Watoto wake wa ndoa ya awali waliitegemea sheria hiyo. Walishindwa: bima ya kazini ilikuwa chini ya sheria ya shirikisho ya mafao ya waajiriwa, na sheria hiyo inamtaka msimamizi wa mpango afuate hati zake. Fedha zilikuwa za mke wa zamani.

Ya pili ni ya mwaka 2013. Mtumishi wa serikali kuu alimtaja mkewe mwaka 1996, wakaachana 1998, akaoa mwingine 2002, akafa 2008 bila kugusa fomu. Dola 124,558 zilikwenda kwa mke wa kwanza, na mjane aliyekuwa naye siku ya mwisho hakupata kitu katika bima hiyo.

Ya tatu, mwaka 2018, ilikwenda upande mwingine. Bima ilikuwa ya binafsi, talaka ilikuwa ya 2007, kifo cha 2011, na sheria ya jimbo la Minnesota ilifuta jina la mke wa zamani. Mahakama ilisema sheria hiyo ni halali, hata kwa bima iliyokatwa kabla haijatungwa. Watoto, waliokuwa wanufaika wa akiba, walilipwa.

Kosa lilikuwa lile lile, nchi ile ile, na matokeo yakapishana kwa sababu ya aina ya bima. Mtu wa kawaida hawezi kujua mapema yeye atakuwa upande gani. Talaka ikishakamilika, fomu mpya iwe miongoni mwa karatasi za wiki hiyo. Na kama unataka aliyekuwa mwenzi aendelee kuwemo, labda kwa sababu analea watoto, jaza fomu upya ukimtaja baada ya tarehe ya talaka, ili isidhaniwe kwamba ulisahau.

16. Mahakama imeniagiza nibakize bima kwa ajili ya matunzo ya watoto. Bado naweza kubadili jina?

Kampuni inaweza kuipokea fomu yako bila kujua kuna amri. Lakini utakuwa umevunja amri, na baada ya kifo chako mahakama inaweza kumnyang'anya fedha uliyemtaja. Usijaribu.

17. Benki inataka hati yangu ya bima kama dhamana ya mkopo. Mnufaika wangu anapoteza haki?

Anasogea nyuma, hapotezi. Hati ikiwekwa rehani, benki hulipwa kwanza deni lililobaki, na mnufaika hupata kilichozidi. Baadhi ya benki hutaka zitajwe moja kwa moja kuwa mnufaika. Kataa ukiweza, na upendekeze rehani. Ukimaliza mkopo na kusahau kuifuta benki kwenye fomu, familia italazimika kuifuata benki kuomba fedha zake. Na ukimaliza kulipa, dai barua ya kuachia hati na uipeleke kwenye kampuni ya bima.

18. Fedha hizi zinakatwa kodi?

Sheria za kodi zinatofautiana mno, na haya si ushauri wa kodi. Ila jambo moja linahusu uteuzi moja kwa moja: nani analipwa na nani anamiliki mkataba vinaweza kubadili kodi. Uingereza, malipo yanayoingia kwenye mirathi huhesabiwa pamoja na mali nyingine, na kinachozidi msamaha wa msingi wa pauni 325,000 kinaweza kutozwa asilimia 40. Bima iliyoandikwa ndani ya amana kwa kawaida hubaki nje ya hesabu hiyo. Muulize mtaalamu wa kodi kabla, maana mkatiwa bima akishafariki uteuzi haurekebishiki.

## Kubadilisha na kutunza

19. Naweza kubadilisha mnufaika mara ngapi?

Mara nyingi utakavyo, ikiwa uteuzi wako ni wa kufutika, na mwingi ni hivyo. Kuna uteuzi mwingine usiofutika, ambao huwezi kuubadili bila ridhaa ya aliyetajwa. Angalia ulichosaini. Quebec, nchini Kanada, mume au mke wa ndoa akitajwa anakuwa hafutiki mwenyewe kwa sheria, isipokuwa uandike wazi kwamba anafutika. Ufaransa, mnufaika anaweza kuukubali uteuzi ukiwa hai na hivyo kukufunga mikono, lakini tangu sheria ya Desemba 2007 hawezi kufanya hivyo bila idhini yako.

Mabadiliko hayakamiliki ukiwa umejaza fomu ikabaki kwenye droo. Itume, kisha subiri uthibitisho wa maandishi wenye jina jipya. Usipoupata ndani ya wiki chache, fuatilia.

20. Nimwambie mnufaika kwamba nimemtaja?

Ndiyo, isipokuwa una sababu nzito ya kunyamaza. Kampuni ya bima haijui kwamba umefariki hadi mtu aiambie. Ilikuwepo hata aibu ya wazi: Marekani, kuanzia mwaka 2011, wasimamizi wa majimbo walizibana kampuni zilizokuwa zikitumia orodha ya vifo ya serikali kusitisha malipo ya pensheni, lakini haziitumii orodha hiyo hiyo kutafuta wanufaika wa bima za maisha. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2014, ikaanza kutumika Januari 2016, inayozitaka kampuni zichunguze kila mwaka kama wateja wao wamefariki.

Usipotaka kutaja kiasi, usitaje. Mwambie jina la kampuni, namba ya mkataba, na hati ilipo.

21. Ni wakati gani wa kupitia majina upya?

Ndoa, talaka, mtoto kuzaliwa, mnufaika kufariki, kubadili kazi. Kubadili kazi husahauliwa zaidi, kwa sababu bima ya mwajiri mpya huja na fomu mpya, na fomu hiyo hujazwa siku ya kwanza ya kazi katikati ya karatasi nyingine kumi.

## Hali ngumu

22. Mimi na mnufaika tukifa katika ajali moja?

Majimbo mengi ya Marekani hufuata kanuni kwamba mnufaika lazima awe ameishi saa 120 baada ya mkatiwa bima. Asipofikisha, anahesabiwa alitangulia. England na Wales, sheria ya mwaka 1925 husema kwamba isipojulikana nani alikufa kwanza, mkubwa kwa umri ndiye anayedhaniwa kutangulia. Mikataba mingine huweka siku 30. Katika hali zote hizi mnufaika wa akiba (swali la 7) ndiye anayeokoa jahazi.

23. Mnufaika akimuua mkatiwa bima, analipwa?

Hapana. Kesi inayotajwa zaidi ni ya Florence Maybrick wa Liverpool, aliyetiwa hatiani mwaka 1889 kwa kumuua mumewe James kwa sumu. James alikuwa na bima ya pauni 2,000 iliyomtaja mkewe. Baadaye mahakama ya rufaa ilisema mhalifu hawezi kuvuna matunda ya uhalifu wake, lakini kampuni nayo haikuruhusiwa kubaki na fedha: zilidaiwa na wasimamizi wa mirathi ya marehemu. Mantiki hiyo bado inafuatwa: muuaji hutolewa, na fedha huenda kwa mnufaika wa akiba au kwenye mirathi.

24. Watu wawili wanadai fedha zile zile. Kampuni itafanya nini?

Ikiona hatari ya kulipa mara mbili, inaweza kuziweka fedha mahakamani na kuwaacha wadai wabishane huko. Wakati huo hakuna anayezitumia, na gharama za mawakili zinawala wote wawili. Kama mnaweza kuelewana na kusaini makubaliano ya kugawana, fanyeni hivyo mapema.

25. Nimetajwa lakini sizitaki. Naweza kukataa?

Ndiyo, kwa maandishi na kabla hujazigusa. Huwezi kukataa na wakati huo huo kuelekeza apewe fulani. Zitamwendea mnufaika wa akiba kana kwamba wewe ulitangulia kufa. Marekani, kukataa kuwe ndani ya miezi 9 ili kodi isikuhesabu kuwa uliyepokea kisha ukatoa zawadi.

26. Mzazi wetu amefariki. Tunaamini alikuwa na bima lakini hatuna hati. Tuanzie wapi?

Anzeni na taarifa zake za benki za miaka miwili au mitatu na mtafute makato yanayojirudia kila mwezi au kila mwaka mara moja. Kisha mwajiri wake, hata wa zamani, na chama cha wafanyakazi au ushirika aliokuwa mwanachama. Tazameni simu na barua pepe zake kwa neno "bima". Ulizeni benki iliyompa mkopo wa nyumba, maana mikopo mingi huja na bima yake.

Nchi nyingine zina huduma rasmi ya kutafuta. Marekani, chama cha wasimamizi wa bima cha majimbo kimekuwa na huduma ya bure tangu 2016: unajaza taarifa za marehemu na kampuni zinazoshiriki zinaangalia kumbukumbu zao. Ufaransa, chombo kinachoitwa AGIRA hupokea maombi ya anayedhani ametajwa. Kwingine, mwandikieni msimamizi wa sekta ya bima wa nchi na mwulize kama kuna daftari la fedha zisizodaiwa.

Mkienda kwenye kampuni, beba cheti cha kifo, kitambulisho cha mnayedhani ametajwa, na majina yote ambayo marehemu aliwahi kuyatumia, likiwemo la kabla ya ndoa. Kampuni haitamwambia asiyehusika nani ametajwa, na hiyo ni haki ya marehemu. Ila inaweza kuwaambia kama mkataba upo, na ikishajua kwamba mwenye bima amefariki, ina wajibu wa kumtafuta aliyetajwa.